Korongo wa Baba Mkwe

Nilipoolewa Usangu sikuwa nimewahi kuona ardhi iliyolala namna ile. Kwetu Tukuyu ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka, migomba imekuzunguka, na mvua haina msimu wa kuogopa. Kule bondeni niliteremka kwenye lori na sanduku langu la mbao, nikatazama pande zote, nisione mahali ambapo mtu angeweza kwenda kujificha akalia. Mume wangu alicheka. "Utazoea," akasema.

Kwetu pia mke hamtazami baba mkwe usoni. Akipita njiani unaingia majanini, unajifunika kanga, unangoja apite. Kwa hiyo siku ya kwanza baba mkwe alipoingia uani nilijikunyata nyuma ya kinu, kichwa chini. Alisimama juu yangu akaniangalia kwa muda.

"Huyu anaumwa tumbo?" akauliza.

Mama mkwe akamweleza kuwa ndiyo heshima ya kwao.

"Hapa kuna kazi," akasema. "Mtu hafanyi kazi amejifunika kanga. Inuka, mama."

Ndivyo tulivyofahamiana. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ambayo haikupanda hata alipokasirika. Shamba lake lilikuwa kubwa kuliko yote upande ule. Mpunga alilima chini, mahindi na mtama sehemu za juu, na katikati, maji yalipokusanyika, palikuwa na kipande cha kinamasi chenye matete na majani marefu ambacho jembe halikukigusa. Udongo wake ulikuwa mweusi, wenye mafuta. Mtu yeyote angepanda mpunga pale akajaza maghala. Yeye alikiacha kwa ajili ya korongo.

Nasema wale korongo wenye taji, ndege wa kijivu, warefu kama mtoto wa miaka mitano, wenye nyuzi za dhahabu zilizosimama kichwani. Hutembea wawili wawili. Wakitafuta chakula hupiga miguu chini kama watu wanaokanyaga udongo wa matofali, panzi wakaruka, nao wakawadonoa. Mama mkwe aliniambia kwamba alipoolewa yeye, baada ya mavuno walishuka wengi mpaka tambarare ikageuka rangi. Kisha watu wakaongezeka, vinamasi vikalimwa kimoja baada ya kingine, majani yakachomwa na mayai ndani yake, na wachuuzi wakawa wanakuja kununua vifaranga hai kwenda kuwauza mbali. Nilipofika mimi, korongo wa upande ule walikuwa wale wa kwa baba mkwe, na wengine wachache waliopita tu.

Alikuwa na taratibu zake. Matete hayakatwi mpaka vifaranga waruke. Majani hayachomwi yote kwa pamoja, yanachomwa kipande mwaka huu, na kipande kingine mwaka ujao. Mpunga ukishavunwa, punje zilizoanguka haziokotwi, na mabua hayaguswi mpaka mvua za kwanza. Kinamasi kilizungushiwa ua wa miiba ng'ombe wasiingie, na mbwa wa nyumbani alifungwa kamba msimu wote wa kutaga. Jirani mmoja alimuuliza mbele yangu, "Mzee, hivi hawa ndege wanakupa nini?"

"Wewe unanipa nini?" akamjibu.

Mtu asidhani alikuwa na huruma na viumbe. Kwelea kwelea walipokuja kwenye mpunga alituweka juu ya dungu tangu alfajiri na makombeo yetu na madonge ya udongo, na viota vyao alivichoma moto vikiwa na makinda, akasimama kusikiliza mpaka kelele ziishe. Mama mkwe alipigwa naye kwa sababu ya chumvi iliyozidi. Mimi hakunipiga kamwe, lakini sikuwahi kupita karibu naye bila kuangalia mkono wake umeshika nini.

Mwaka wa pili nilijifungua mtoto wa kike. Paa la nyumba yetu lilikuwa limeoza, na mvua zilipoanza maji yalidondoka kitandani, nikawa nahama na mtoto kutoka kona hadi kona. Mume wangu alitafuta majani ya kuezekea, hayakuwepo. Kila mahali palikuwa pamechomwa. Siku moja baba yake akiwa amekwenda Rujewa, aliingia kinamasini na panga akakata matete, mizigo ya kutosha upande mmoja wa paa. Aliezeka siku hiyo hiyo. Nilifurahi. Mtoto alilala pakavu.

Kumbe matete yale yalikuwa yamekificha kiota. Kilipobaki wazi, mwewe waliona mayai. Baba mkwe aliporudi aliona kwanza mwewe wakizunguka, kisha akaona paa letu.

Ilikuwa mchana, majirani walikuwa uani wakinywa pombe ya mtama. Alileta mjeledi wa kuswagia ng'ombe akamwita mwanawe.

"Vua shati."

Mume wangu alikuwa mtu mzima, ana ndevu, ana mtoto. Nilingoja akatae. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akalikunja shati, akanipa mimi nilishike.

"Baba, nyumba ilikuwa inavuja," alisema.

"Uliniomba?"

"Hukuwepo."

"Ungenisubiri."

Alimpiga mbele ya wale walevi, taratibu, kama mtu anayepura mpunga. Hakuna aliyeinuka. Mama mkwe ndiye aliyejitosa kushika mjeledi, naye akachapwa mkononi mpaka kidole kikavunjika, kilipona kimepinda. Nilisimama pale na shati mkononi na mtoto mgongoni, nikawaza kwamba zile nyuzi za dhahabu vichwani mwa wale ndege ningezing'oa moja moja kwa meno.

Kesho yake mume wangu aliondoka kwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. "Nikitulia nitakuja kuwachukua," alisema. Dereva mmoja wa lori alituletea habari baadaye kwamba ametulia kweli, ana nyumba na mwanamke mwingine na mtoto wa kiume. Mama mkwe alilia. Baba mkwe alimwuliza dereva kama njiani kote ameona korongo.

Ningeweza kurudi kwetu. Lakini ng'ombe wa mahari yangu kaka yangu alikuwa ameshawatoa kuoa mke wake, na mama alinitumia ujumbe kwamba mtoto ni wa kwao Usangu na mimi nivumilie. Nikakaa. Nikalima.

Kisha ukaja mwaka wa njaa, ule ambao nchi nzima ilikula unga wa njano wa msaada. Mvua zilinyesha kidogo mwanzoni zikakatika. Mpunga ulikauka ukiwa na urefu wa kiganja. Visima vikawa matope, mto wa karibu ukakauka, na kwenye eneo lote lile maji yaliyobaki yalikuwa ya kinamasi cha baba mkwe, kwa kuwa hakikuwa kimelimwa wala kukanyagwa, na majani yalikuwa yameyafunika yasikauke. Korongo wake walitaga pale. Wengine tusiowajua nao walikuja.

Jirani yetu wa upande wa mto alikuwa Msukuma, aliyehamia na ng'ombe zake kutoka kaskazini miaka michache kabla yangu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana, aliyewajua ng'ombe wake kila mmoja kwa sauti yake. Alikuja uani asubuhi akavua kofia.

"Mzee, naomba ng'ombe wanywe. Upande mmoja tu. Nitawaleta kidogo kidogo, nitasimama nao mwenyewe."

"Kuna vifaranga," baba mkwe akasema. "Bado hawajaruka."

"Hawatawakanyaga. Nitasimama nao."

"Ng'ombe mwenye kiu hasimamishwi na mtu. Unajua hivyo kuliko mimi."

"Wataruka lini?"

"Wakiruka nitakuita."

Yule jirani aligeuka akaenda. Akawa anaswaga ng'ombe mpaka mto mkubwa, mwendo wa kutwa nzima, na wakirudi kiu imewashika tena. Walianza kuanguka. Wengine walianguka palepale kwenye ua wetu wa miiba, kwa sababu walinusa maji. Walisukuma vichwa kwenye miiba mpaka macho yakatoka damu. Tuliwasikia tukiwa jikoni. Ng'ombe akifa kwa kiu halii kwa nguvu. Anapumua kama mtu anayepanda mlima, kisha anaacha.

Mke wa jirani alikuja kwa mama mkwe na watoto wake, midomo imepasuka. Tulikuwa tukiwapitishia maji kwa kibuyu juu ya miiba, mimi na mama mkwe, wakati mzee amekwenda upande wa pili. Maji ya watu hakuwa amekataza, lakini hatukutaka kumuuliza.

Vifaranga waliporuka alimwita kweli. Alikwenda mwenyewe mpaka kwake, akasema, "Sasa unaweza kuwaleta." Jirani alileta waliobaki. Kundi lililokuwa likichukua asubuhi nzima kupita lilipita huku mimi nikimaliza kufagia ua. Alisimama nao ukingoni wakinywa, mikono nyuma, bila kumtazama baba mkwe. Na korongo wale, wakubwa na wadogo, walikuwa wakitembea kwenye mabua ya mpunga hatua chache kutoka alipo, wakipiga miguu chini, hawana habari.

Baadaye mwaka huohuo ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Sote tulihamishiwa kando ya barabara, nyumba kwa mistari. Mgambo walikuja wakatoa mlango wetu kwanza, kisha paa, upande wa matete na ule mwingine. Shamba la baba mkwe, kwa ukubwa wake na kwa maji yake, likawa shamba la kijiji. Jirani Msukuma alipewa eneo la malisho ng'ambo ya mto, penye kona ya matete, kwa kuwa yeye ni mfugaji.

Kwenye mkutano baba mkwe alisimama kuzungumza juu ya kinamasi. Sijawahi kumwona akiomba. Alisema chukueni shamba lote, lile dogo la katikati liacheni, ndilo lililobakisha maji mwaka huu.

Mwenyekiti wa kijiji alimsikiliza mpaka mwisho. "Maji hayo nani aliyanywa, mzee?" akauliza.

Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Wengi walikuwa wamezika watoto au mifugo. Nilimtafuta jirani yetu kwa macho nikamwona amekaa nyuma, hacheki, anachora chini kwa kijiti.

Wakachimba mfereji, maji yakatoka, trekta likapita. Kwa mvua zilizofuata kijiji kilipewa mbegu za mahindi zilizopakwa dawa, nyekundu nyekundu. Tuliambiwa dawa ni ya wadudu. Sisi wenye njaa tulijua pia ni ya kutuzuia tusizisage. Tulizipanda kwa safu ndefu pale yalipokuwa matete, tukafukia kwa miguu, na udongo ule mweusi ukawa tambarare kama mkeka.

Korongo walikuja kama walivyozoea. Matete hayapo, lakini mahali wanapajua, na watu wanawajua. Walitembea kwenye safu wakifukua.

Wa kwanza nilimwona mwenyewe nikiwa napalilia upande wa juu. Alikuwa anatembea, akasimama, akaanza kutetemeka mbawa. Kisha shingo ikajikunja nyuma mpaka taji likagusa mgongo, akaanguka akazunguka kwenye udongo akijipiga mwenyewe. Mwenzake alikuja akasimama karibu naye, akamgusa kwa mdomo, akaanza kulia ule mlio wao wa tarumbeta. Mchana wengine walianguka. Watu waliokuwa shambani waliacha majembe wakawakimbilia. Nyama ni nyama, na ile ilikuwa imejiangusha yenyewe.

Baba mkwe alikuwa anakuja kila siku kutoka kijijini, ingawa hakuna aliyempangia kazi. Alikimbia mikono juu. "Msile! Wamekula dawa! Msile!"

"Hata wakifa anawachunga," mwanamke mmoja akasema, akamfunga korongo wake kwenye kanga akaenda naye.

Usiku wa kuamkia kesho yake nyumba ile walitapika wote. Mtoto wao mdogo hakuamka. Wakati wa kuzika baba wa mtoto alimnyooshea kidole baba mkwe kaburini akasema, mbele ya watu wote, kwamba ndege wake ndio waliomwua mwanawe. Hakuna aliyesema ni dawa. Hakuna aliyesema alitukataza. Kuanzia hapo vijana wakawa wanakwenda shambani na marungu kumaliza waliobaki, wengine kwa hasira, wengine kwa mchezo tu.

Ndipo baba mkwe akaniambia, "Mama, chukua madebe. Tunakwenda kuwafukuza."

Tulikwenda jua linachomoza, kabla ya watu. Tulipiga madebe, tukapiga kelele, tukawakimbilia. Waliruka kidogo, wakatua palepale. Mimi waliniogopa kiasi. Yeye hawakumwogopa kabisa. Miaka yote ile alipita katikati yao akikagua viota, na mwendo wake waliujua. Alivyowakimbilia akipunga mikono, mmoja alifungua mbawa akaanza kurukaruka mbele yake, kama wanavyocheza wenyewe kwa wenyewe. Nilicheka, sikuweza kujizuia. Alinigeukia na uso ambao sitausahau.

"Wanadhani nimekuja kucheza," alisema.

Alirusha madonge ya udongo. Walikwepa, wakarudi kwenye mbegu. Kwa mbali tuliona watu wakianza kuja kutoka barabarani. Basi akatoa kombeo kiunoni, akaokota jiwe, si donge, akamlenga yuleyule aliyekuwa anacheza. Alikuwa hakosi. Jiwe lilivunja mguu juu ya goti. Ndege alianguka akasimama kwa mguu mmoja akaanguka tena.

Nilidhani inatosha. Alimwendea, akamshika shingo, akampiga kwa fimbo, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, taratibu, mbele ya wale wengine, huku yule ndege akilia na mbawa zake zikimpiga baba mkwe kifuani na usoni. Alifanya makusudi asife haraka. Alitaka walie naye, waone ni nani anayemwua. Na waliona. Waliruka wote kwa pamoja, wakapanda juu, wakazunguka mara moja wakilia, wakavuka mto.

Akamfunga yule aliyekufa miguu juu kwenye nguzo, mbawa wazi, kama tunavyowatundika kunguru. Shavu lake lilikuwa linatoka damu. Alinawa mikono mferejini akasema, "Wakirudi, fanya hivyohivyo." Mmoja tu ndiye aliyerudi, nafikiri ni mwenzake. Alikuja asubuhi kadhaa akazunguka juu ya nguzo akilia, na baba mkwe alikuwa hapo chini kila mara na mawe yake. Mwishoni naye hakuja.

Walikuwa wametua kwa Msukuma, kwenye ile kona ya matete. Habari ilitufikia kupitia watoto wa machungani. Baba mkwe alikaa nayo siku nzima, kesho yake akaniambia nifuatane naye. Nadhani alitaka mtu wa kumshika kama angeanguka njiani. Alikuwa ameanza kukohoa.

Jirani alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba yake akishona kamba ya ngozi. Tulisalimia. Aliitikia. Hakutukaribisha kukaa. Aliendelea kushona. Tulisimama juani. Mkewe alitoka akatuona, akarudi ndani. Jua lilipanda, kivuli kikafika miguuni pake, akasogeza kigoda nyuma akaendelea. Baba mkwe aliyumba, nikamshika kiwiko, akauondoa mkono wangu. Kamba ilipokwisha, jirani aliivuta kuijaribu, akaiweka chini.

"Sema, mzee."

"Korongo wamekuja kwako."

"Nimewaona."

"Naomba ile kona usichungie ng'ombe mpaka wamalize kulea. Matete yasikatwe. Na vijana wa kijiji wasiingie."

"Unaomba."

"Naomba."

Jirani aliangalia zizini. Zizi lake lilikuwa mbele yetu, kubwa, lililojengwa kwa ajili ya ng'ombe wengi, na ng'ombe waliokuwemo walikuwa wamejibanza kona moja.

"Ulinifanya nisikilize ng'ombe wangu wanakufa kwenye miiba yako," alisema. "Mmoja baada ya mwingine. Yule mweupe nilikuja naye kutoka kwetu akiwa ndama."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungefungua." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Nitakuwekea ile kona. Nitaweka miiba. Kijana wa mtu akiingia nitamvunja mguu. Lakini wewe hutakanyaga kule. Wala hutasimama ng'ambo ya mto ukawaangalia. Nikikuona hata siku moja, siku hiyohiyo napeleka ng'ombe, na moto nawasha mwenyewe."

Nilitazama chini. Baba mkwe alikohoa kwa muda mrefu.

"Kwa nini usiwaue tu?" akauliza.

"Wewe ndiye uliyeniulia ng'ombe. Hawa ndege hawakuniulia kitu." Kisha akanielekea mimi. "Huyu mama anaweza kuja akitaka. Alikuwa akiwapa watoto wangu maji."

"Nimekubali," baba mkwe akasema, tukaondoka.

Alitimiza. Watu walifikiri angechungulia, kwani mto haukuwa mbali, lakini hata kuni hakwenda kutafuta upande ule. Na jirani naye alitimiza kuliko alivyoombwa. Aliweka ua, aliwachapa vijana wawili waliokuja na marungu, na akawaambia wafugaji wenzake wa upande ule waache nao pembe za matete kwenye malisho yao mpaka mwisho wa mvua. Walimwogopa, wakaacha. Sijui kama alipata kuwapenda wale ndege. Nilimuuliza siku moja, akasema wanapunguza panzi.

Mimi nilikwenda. Sikuwa nawapenda, lakini kule kulikuwa na upepo na hakuna mtu wa kuniita. Mvua zilizofuata niliona jozi mbili kwenye matete, na moja ilikuwa na vifaranga wa rangi ya udongo. Niliporudi baba mkwe alikuwa ameketi mlangoni, blanketi mabegani.

"Wapo?" aliuliza.

"Wapo, baba. Wana vifaranga."

Nilidhani atauliza wangapi. "Mtu akikaribia," akasema, "wanaruka?"

"Wanaruka mapema. Hata mimi sikuwafikia. Mtu akiwa mbali kabisa wameshaondoka."

Alitikisa kichwa polepole. "Vizuri," akasema, akajifunika blanketi mpaka kichwani, akakaa hivyo mpaka chakula.

Alikufa wakati wa baridi, kikohozi kilipoingia kifuani. Tulituma habari Makongolosi kwa malori mawili tofauti. Mume wangu hakuja. Wanaume wa kijiji walikuja wachache. Jirani Msukuma alifika asubuhi na jembe lake, akachimba kaburi karibu peke yake, akashuka ndani kumpokea, akapanda, akafukia, akanawa mikono akaenda. Hakula chakula cha msiba.

Matanga yalipokwisha mama mkwe aliniambia, "Nipeleke."

"Wapi, mama?"

"Kule kwa hao ndege."

Tulitembea polepole, alikuwa na miguu mibovu. Tulikaa kwenye kichuguu mbali na ua wa miiba, kwa sababu kwa karibu wasingekubali. Korongo walikuwa nje ya matete, wazazi na wale vifaranga ambao sasa walikuwa wamekua, taji zao bado fupi. Walitembea kwenye majani makavu wakipiga miguu. Mmoja aliinama, akatupa kijiti juu, akakirukia kwa mbawa wazi, na mwenzake akafanya vilevile, wakazungukana wakiinamiana.

Mama mkwe aliangalia kwa muda mrefu, mkono juu ya macho kukinga jua.

"Maisha yangu yote nimewaona," akasema. "Kuwaangalia sijawahi. Nilikuwa nikiona wametua, najua leo ama atafurahi ama atanipiga."

Nikangoja aseme zaidi. Niliwaza labda atalia, au atasema ni wazuri, kwani kweli walikuwa wazuri siku ile, jua liko nyuma yao.

"Wanakula kama kuku," akasema.

Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka. Njiani aliniuliza kama nimeacha maharage motoni, nikamwambia ndiyo, akaanza kuharakisha.